Mkono Uliokatikia Ng'ambo

Mume wangu alipoteza mkono ng'ambo ya ziwa, akiwa kazini, na kwa muda mrefu hakukuwa na mtu aliyekubali kwamba alikuwa kazini. Bosi wake hakukubali. Ndugu zake wa Mbaha hawakukubali. Kilichonitia wazimu zaidi ni kwamba hata yeye mwenyewe hakutaka kulisema hilo mbele za watu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, na mwaka ule hasira zangu zilipata kazi ya kutosha.

Tunaishi Mbinga mjini. Mimi nashona nguo kwenye kibaraza cha duka karibu na soko. Kwetu ni Maguu, kwenye kahawa na milima, na nimekua Mkatoliki wa misa ya kwanza. Yeye ni wa ziwani, Mwanglikana wa Mbaha, mtoto wa wavuvi ambaye tangu utotoni alipenda injini kuliko nyavu. Tulipooana kaka zangu walimtania kwamba dada yao ameolewa na usipa, vile vidagaa vya ziwani. Akawajibu kwamba usipa walau hufika sokoni umekauka, si kama wao wanaoshinda kwenye ukungu hadi saa nne asubuhi. Wakampenda kuanzia hapo.

Aliajiriwa na mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini anayeuza mashine za kusaga na za kumenya kahawa. Kazi yake ilikuwa kuzifunga kwa wateja: anamwaga zege, anaikalisha mashine, anaipanga na injini yake, anafunga mkanda, anaijaribu, kisha anamfundisha mwenye mali namna ya kuitumia. Alikuwa na mkataba, na bosi alikuwa amewasajili wafanyakazi wake kwenye mfuko wa fidia kama sheria inavyotaka. Hilo namsifu, maana wapo wasiofanya.

Basi akatokea mteja wa upande wa Malawi aliyenunua mashine ya kusaga na kutaka afungiwe na fundi wa hapa. Bosi akamwita mume wangu. "Wewe si una ndugu kule? Sema unakwenda kwa ndugu. Tukianza kushughulika na vibali vya kazi, mteja atachoka kusubiri." Mume wangu akaitikia. Aliporudi nyumbani akaniambia anasafiri kikazi, kwa hiyo mimi nilijua anakokwenda na anachokwenda kufanya. Nilimfungia na shati la kubadilisha.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo hata sisi wa milimani tunachelewa kulielewa. Kwa watu wa mwambao wa ziwa, ng'ambo si nchi za nje. Ng'ambo ni kwa shangazi. Lugha ni ileile, nyimbo za kanisani ni zilezile, na ukoo mmoja una makaburi pande zote mbili za maji. Wanavuka kwa harusi, kwa ubatizo, na zaidi ya yote kwa misiba. Ukishuka kwenye boti ukasema "nakwenda msibani," hakuna askari mwenye roho ya kukuzuia, awe wa huku au wa kule. Ndiyo maana watu wanalitumia neno hilo hata wakiwa wanakwenda kuuza samaki au kudai mke aliyekimbia. Wao hawaoni kama ni uongo. Wanalisema kama mtu anavyosema hodi mlangoni.

Mashine ilikuwa imetangulia na mizigo ya mteja. Mume wangu alishuka ng'ambo na mfuko wa spana tu, akasema anakwenda msibani. Kwa kawaida mambo huishia hapo. Siku hiyo askari wa uhamiaji alikuwa na muda, akauliza kwa upole, "Pole sana. Nani amefariki?" Mume wangu hakuwa amejiandaa. Jina la kwanza lililomjia ulimini likawa la mjomba wake, kaka yake mama mkwe wangu, ambaye alioa kule zamani na anaishi kijiji cha vilimani, mbali na maji. Akalitaja jina lote, na la baba yake. Askari akavua kofia.

Nyuma yake kwenye boti alikuwepo mwanamke wa Mbaha, mchuuzi wa samaki. Alisikia kila kitu.

Mume wangu akaenda zake kufunga mashine. Siku ya kuijaribu, mkanda ulihama kwenye puli, gurudumu lake. Alinyoosha mkono kumwonyesha mwenye mashine mahali penye kasoro, injini ikiwa inanguruma, na mkanda ukauvuta mkono wa shati na kila kilichokuwa ndani yake. Mwenye mashine aliizima, lakini kwa kuchelewa. Wakamkimbiza hospitali. Muuguzi akamuuliza imekuwaje, na huyu mwanaume, damu inamtoka, kidogo azimie, akamjibu, "Nilikuja msibani. Nilikuwa nawasagia ndugu unga wa msiba." Jamani! Mtu anakatika mkono na bado anaulinda uongo wake! Nilipolisikia hilo baadaye nilitaka kumzaba kibao, ila nilimwonea huruma.

Mkono ulikatwa juu kidogo ya kifundo. Mkono wa kulia. Nilikwenda kumpokea bandarini Mbamba Bay, na aliposhuka kwenye boti alikuwa ameuficha ndani ya koti kama mtu aliyeiba.

Bosi alikuja kutuona akiwa amebeba mchele na sukari. Akakaa, akamtazama mgonjwa, akatikisa kichwa. "Pole sana kwa ajali," akasema, "na poleni kwa msiba."

"Msiba gani?" nikamuuliza.

Akaangalia dari. "Si alikuwa na ruhusa ya msiba, mama? Mimi ndivyo ninavyojua."

Nikamgeukia mume wangu nikisubiri aseme. Akajifunika shuka hadi kidevuni. Bosi akanywa chai yake akaondoka, na mimi nikabaki nimeshika birika. Bosi aliogopa. Alijua amemtuma mtu kazini nchi ya watu bila kibali, na sasa mtu amerudi bila mkono. Akaona msiba ule, aliousikia kwa watu wa ziwani, utamfaa.

Sokoni kila mtu alikuwa na sheria yake. Wengi waliniambia nisijisumbue. "Sheria ya Tanzania inaishia majini," alisema jirani yangu anayeuza vitenge. "Angeumia hapa Mbinga, sawa. Ameumia Malawi, kawadai Wamalawi." Nilikaribia kumwamini. Kidonda kilikuwa hakifungi, daktari alishasema huenda akahitaji kupasuliwa tena, na bosi alikuwa ameshamweka mtu mwingine kwenye nafasi yake. Kama mkono ule usingehesabiwa kuwa umeumia kazini, hakukuwa na matibabu mengine, hakukuwa na mkono wa bandia, hakukuwa na chochote isipokuwa cherehani yangu na macho yangu yanayoanza kuchoka.

Mteja wangu mmoja, karani wa halmashauri, ndiye aliyeniambia kwamba afisa wa mfuko wa fidia anakuja Mbinga kukutana na waajiri. Nikafunga cherehani nikaenda kumsubiri nje ya ukumbi. Alikuwa dada mdogo kuliko mimi, ana sauti ya taratibu. Nikamweleza yote, nikamalizia na la jirani yangu, kwamba sheria inaishia majini.

"Hapana, mama," akasema. "Mfanyakazi wa hapa akitumwa na mwajiri wake nje ya nchi kwa muda, akaumia akifanya kazi aliyotumwa, tunamhesabu sawa na aliyeumia hapa. Kinga yake anakwenda nayo."

Nikapiga vigelegele palepale, mbele ya watu na tai zao.

"Subiri kwanza," akasema. "Tatizo lenu si ziwa. Tatizo lenu ni msiba. Mwajiri anasema alikuwa msibani. Karatasi ya hospitali ya kule uliyonionyesha inasema alikuwa msibani. Mumeo mwenyewe anasemaje?"

Nikamwambia mume wangu atasema kweli. Nilisema hivyo kwa kifua mbele, bila kumuuliza mwenyewe.

Jioni nilimwelezea, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Siwezi." Nikamuuliza huwezi nini, kufungua mdomo? Akasema tena hawezi, akageukia ukutani. Nikamtolea uvivu. Nikamwambia kama ameamua kuwa mfu basi aseme na tarehe ya mazishi. Si maneno mazuri kumwambia mgonjwa, lakini ndiyo niliyoyasema.

Nikaona jibu liko kwao. Asubuhi nikashuka ziwani.

Nilipofika Mbaha, mama mkwe alikuwa anaanua mihogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa kuvuta. Kisha nikaona kichwa chake kimenyolewa. Wifi yangu naye kanyolewa, kama wafiwa.

"Mama, kuna nini?"

Akaniambia. Yule mchuuzi wa samaki alirudi kutoka ng'ambo na habari kwamba mjomba amefariki, na mpwa wake amekwenda kumzika. Nani angebisha? Mpwa mwenyewe ndiye aliyesema, kwa kinywa chake, mbele ya askari. Simu ya mjomba haikupatikana, maana kule vilimani mtandao hakuna. Huwasha simu siku ya gulio tu, akishuka sokoni. Kwa kuwa mazishi yalikuwa mbali, wakaomboleza hukohuko nyumbani kama inavyofanyika kwao. Kengele ya kanisa ikapigwa. Wanawake wakalala chini. Padri akaja kusali. Watu wakaleta unga na kuni, wakala, wakalia, wakaanua matanga. Halafu zikaja habari kwamba mpwa ameumia hukohuko msibani, wakalia tena.

Siku ya gulio mjomba akapiga simu kumsalimia dada yake.

"Niliiangusha ile simu," alisema mama mkwe. "Nilimkemea kwa jina la Yesu. Akaniuliza, wewe umekunywa nini?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka hadi nikashika nguzo ya jiko. Mama mkwe hakucheka. Kwao kumtaja mtu mzima kuwa amekufa si mzaha. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mpwa anamtakia mjomba wake mabaya, kwamba labda alijua alichokuwa anakitafuta, na kwamba ndiyo maana ule mkono ulikwenda. Wengine walisema haiwezekani kijana akadanganya kitu kikubwa hivyo, lazima ulikuwepo msiba fulani, labda majina yalichanganywa. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe alikula ugali wa matanga yale. Nilipomuuliza kama anaweza kunisaidia kumweleza afisa kwamba hapakuwa na msiba, akashangaa. "Shemeji, msiba ulikuwepo. Mimi nilikuwepo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mume wangu aliugeukia ukuta. Kila mtu wa mwambao ule angeapa kwamba msiba ulikuwepo, maana walilia kwa machozi yao. Na yeye, kusema kweli, ilikuwa lazima asimame aseme, "Nilimuua mjomba wangu kwa mdomo ili nipite na mfuko wa spana." Aliona heri kukaa bila mkono na bila fidia kuliko kusema hivyo mbele ya ukoo.

Nilirudi Mbinga hasira zimepungua. Nilimkuta amekaa uani, anajaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. Sikumsaidia, kwa sababu hakupenda kusaidiwa. Nikakaa karibu yake nikamwambia nimejua yote, na kwamba mama yake amenyoa.

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile ya Mbamba Bay.

"Nimpigie nimwambie nini?" akauliza.

"Mwambie ulichofanya. Yeye si amekwisha kusikia? Anachosubiri ni kukisikia kwako."

Siku ya gulio akapiga. Nilikaa mlangoni nikijifanya napembua mchele. "Shikamoo mjomba," akasema. Kisha nikasikia sauti ya mzee, kubwa, imejaa kelele za soko nyuma yake: "Marahaba. Haya niambie, nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hukufa, mjomba. Nilikukosea. Nilikuwa natafuta njia ya kupita."

"Ukapita juu yangu."

"Nilipita juu yako, mjomba."

Wakazungumza Kinyasa, lugha yao ya ziwani, kwa muda, sikuelewa yote. Nilielewa neno mkono. Nilielewa kwamba mzee aliuliza ni upi, akaambiwa wa kulia, na hapo sauti yake ikashuka. Mwisho akarudi kwenye Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, maana alijua lazima nasikiliza. "Nitakuja. Lakini utasema mbele yangu, na mimi nimekaa hapo nakutazama."

Afisa alipokuja tena Mbinga tulikutana ofisini kwa bosi, nyuma ya duka, katikati ya mashine mpya zenye karatasi za kiwandani. Mjomba alikuwa amefika usiku wa kuamkia siku hiyo kwa boti na gari. Ni mzee mrefu, mkavu, na alivaa suti ya kahawia ya kanisani. Alilala kwa rafiki yake wa zamani. Alikataa kulala kwetu kabla ya neno kusemwa. Kwa hiyo mume wangu alimwona kwa mara ya kwanza tangu ule uongo pale pale mlangoni mwa ofisi.

Mzee akanyoosha mkono wa kulia.

Mume wangu akasimama. Wa kulia hakuwa nao, na wa kushoto humpi mkubwa wako, hata kama ndio pekee uliobaki nao. Akabaki hivyo, kichwa chini. Mzee naye akatambua. Akasogea, akaushika ule mkono uliofungwa bendeji kwa viganja vyake vyote viwili, akautikisa polepole kama anavyosalimiwa mtu yeyote. "Hujambo mwanangu," akasema. "Haya, tuingie."

Ndani, afisa akamuuliza bosi alimpa mfanyakazi wake ruhusa ya msiba wa nani.

"Wa mjomba wake," akasema bosi, macho makavu. "Watu wote wa ziwani wanajua."

"Mjomba yupi?"

Bosi akataja jina. Alikuwa amelishika vizuri kuliko mimi.

Mzee, ambaye bosi hakumfahamu kwa sura, akatoa kitambulisho chake mfukoni, akakiweka mezani mbele ya afisa. "Huyo ni mimi," akasema. "Hakufika kwangu. Angekuja kunizika angenikuta shambani."

Afisa alisoma kitambulisho, akamtazama mzee, akasoma tena. Nilimwona anabana midomo asicheke. Kisha akamgeukia mume wangu na kumwomba aeleze. Mume wangu akamtazama mjomba wake, akasema sentensi fupifupi: kwamba alitumwa na bosi kufunga mashine ya kusaga, kwamba aliambiwa aseme anakwenda kwa ndugu, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaja msiba na ndiye aliyemtaja mjomba, na kwamba mkanda ulimvuta akiwa anafanya kazi aliyotumwa. Hakuongeza la kujitetea. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi, kama mwalimu anayesahihisha.

Bosi alijifuta uso kwa leso. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu ya kumwambia, makali, niliyafanyia mazoezi nikiwa nashona. Sikuyahitaji. "Nilimtuma mimi," akasema, sauti imemnyong'onyea. Akatoa simu akampigia mteja wa ng'ambo, akampa afisa aongee naye. Mambo ya vibali yalikuja kumgharimu baadaye, na sikumwonea huruma. Leo ananisalimia, nami naitikia.

Baada ya hapo ilikuwa kusubiri. Walimpeleka kwa madaktari wakaupima mkono, wakamuuliza anaweza nini na hawezi nini. Kidonda kilifunguliwa na kushonwa upya, safari hii kikapona. Mjomba alirudi ng'ambo, lakini kwanza alishinda siku mbili Mbaha, na mama mkwe aliniambia watu walikuwa wanakuja kumtazama kwa mbali kabla ya kusogea. Mwenyekiti alimwambia anataka unga wake urudishwe. Mzee akamjibu auhesabu kama mchango aliotanguliza.

Simu kutoka mfuko wa fidia iliingia asubuhi, mimi nikiwa nakata kitambaa cha sare za kwaya. Mume wangu aliisikiliza amesimama, akajibu "ndiyo" mara nyingi, akashukuru, akakata. Akaniambia wamekubali. Ajali imehesabiwa ya kazini. Nikaacha mkasi nikamkumbatia, nikamuuliza anajisikiaje. Alikuwa tayari anabonyeza simu kwa kidole gumba cha kushoto, anatafuta namba ya mjomba.

Ilikuwa siku ya gulio kule. Mzee akapokea, lakini mtandao ulikuwa wa kukatikakatika. "Sema kwa nguvu!" nilimsikia akipiga kelele. "Sikusikii! Wamesema ulikuwa wapi?"

Tangu ajali mume wangu alikuwa anaongea kwa kunong'ona, hata kuomba chumvi. Akatoka uani, akasimama karibu na bomba ambako majirani walikuwa wamepanga foleni ya maji, akaweka simu mdomoni na kupaza sauti hadi ndoo zikatuliwa chini.

"Kazini, mjomba!" akasema. "Nilikuwa kazini!"